Maswali yenu: shimo jeusi likizunguka, mwanga unabadilika vipi?

Mdau wa Kirumba: Shimo jeusi halitoi mwanga, sasa mionzi inatoka wapi?

Inatoka nje ya shimo (kitu kizito mno ambacho mvutano wake hauachii hata mwanga utoke), ndugu yangu. Gesi haidondoki ndani moja kwa moja, inazunguka kwanza imetandazika kama sahani, ya ndani inakimbia kuliko ya nje, nguvu za sumaku zinaikoroga na kuikwaruzanisha mpaka inafika mamilioni ya nyuzi joto. Juzi nilikuwa Mwaloni namwangalia fundi ananoa visu vya kupasulia sangara, anapiga pedeli baiskeli yake, kisu kikigusa tu jiwe cheche hizoo. Basi ni hivohivo, ila gesi yenyewe inatoa eksirei.

Wa Igoma: Likizunguka na lisipozunguka kuna tofauti gani?

Kubwa mno, na hapa ndo utamu ulipo. Chukua shimo lenye uzito wa majua 10. Kama limetulia, gesi inaweza kulizunguka mpaka kama kilomita 89 toka katikati, ikivuka hapo imetumbukia. Ila likizunguka kwa kasi ya mwisho kabisa linaburuza hadi nafasi iliyolizunguka (hesabu zake alizipata Roy Kerr wa New Zealand mwaka 1963), na gesi inayoenda upande huohuo inasogea mpaka kwenye kilomita 15 hivi bila kumezwa, na kadri inavyosogea ndo inavyozidi kupata moto na kumwaga mwanga. Shimo lililotulia linafanya karibu asilimia 6 ya uzito wa gesi iwe nishati, linalozunguka kwa ukomo linafika 42! Jua letu likiunganisha haidrojeni linapata 0.7 tu, mi hiyo namba kila nikiisoma nasisimka. Gesi ikienda kinyume na shimo inabaki mbali, kama kilomita 133, mwanga unapungua.

Wa Nyegezi: Mnajuaje linazunguka na halionekani?

Kwa chuma. Atomi za chuma kwenye ile gesi zinatoa eksirei ya nishati inayojulikana, ila ikitokea karibu sana na shimo mvutano unaipunguza nguvu, kwa hiyo kwenye grafu inavutika mkia mrefu. Mkia mrefu maana yake gesi imesogea sana, na haiwezi kusogea hivyo kama shimo halizunguki. Shimo linaloitwa Cygnus X-1 limepimwa, linazunguka karibu na ukomo.

Wa Sengerema: Ile picha ya shimo jeusi ya 2019, upande mmoja unang'aa zaidi, ni hitilafu?

Hapana. Hilo ni shimo la galaksi (kundi kubwa la nyota) ya M87, na upande unaong'aa ni gesi inayotujia kwa kasi inayokaribia ya mwanga, mwanga wake unakolea.

Wa Ilemela: Letu liko wapi?

Katikati ya galaksi yetu, miaka ya mwanga kama 27,000, uzito wa majua milioni 4. Mwezi wa saba usiku usio na mbalamwezi, zile siku karabai za dagaa zinawaka ziwani, geukia kusini utazame juu pale njia ya maziwa iliponenepa, liko upande huo.