Fundi Tuulize: Injini ya boti ya tanga inagoma kuwaka asubuhi

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina boti ya tanga yenye injini ndogo ya dizeli, silinda 2, huu mwezi wa pili sasa kila asubuhi inanitoa jasho. Napiga stata mara sita mara saba, saa nyingine nashikilia ufunguo nusu dakika nzima, mwanzoni hata moshi hautoki kabisa, halafu ikifika mara ya tano hivi unaanza kutoka moshi mweupe kidogo, inakohoa inakohoa ndo inashika. Ikishawaka haina neno, nikizima mchana nikawasha tena inakubali papo hapo. Betri ni mpya na stata inazungusha vizuri. Fundi mmoja kaniambia ninunue nozeli mpya zote mbili, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, ninunue?

JIBU: Usinunue bado ndugu yangu. Na kabla ya nozeli naomba kitu kimoja, kilichonishtua ni hiyo nusu dakika. Boti si gari. Kila unapopiga stata ile pampu ya maji ya bahari nayo inazunguka, inavuta maji inayamwaga kwenye eksozi, na injini isipowaka hakuna moshi wa kuyasukuma nje, kwa hiyo yanajaa kwenye sailensa, yakizidi yanarudi nyuma mpaka ndani ya silinda. Pistoni haiwezi kubana maji. Siku hiyo utasikia "koh!" moja stata inakwama, ukilazimisha unakunja konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Kwa hiyo ikigoma mara mbili tatu funga valvu ya maji ya bahari, piga stata sekunde 10 tu, ipumzishe kama dakika moja ndo ujaribu tena, na ikiwaka tu fungua valvu hapo hapo maana bila maji impela, ile feni ya raba ndani ya pampu ya maji, inaungua haraka sana. Ukiondoka ukaiacha imefungwa, tundika ufunguo wa injini kwenye hiyo valvu ili usisahau. Na leo vuta dipstiki uangalie oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameshaingia, usiwashe, ita fundi.

Haya, turudi kwenye shida yenyewe. Jibu umeliandika mwenyewe bila kujua. Stata inazunguka na moshi hakuna, maana yake dizeli haifiki kwenye silinda. Ukija ule mweupe, dizeli imefika ila bado haijapata joto la kuungua. Nozeli zikichoka mara nyingi moshi unauona toka mwanzo na injini inaendelea kusumbua hata ikiwa ya moto, yako mchana inashika papo hapo. Mimi naona hapo kuna hewa, usiku dizeli inarudi kwenye tangi kidogo kidogo, asubuhi stata inafanya kazi ya kuivuta upya.

Kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba hawaoni dizeli ikidondoka popote. Haiwezi kudondoka! Kutoka kwenye tangi mpaka kwenye pampu ndogo ya dizeli mpira unavuta, hausukumi, pakiwa na upenyo hewa ndo inaingia, dizeli haitoki. Niliwahi kuhangaika na injini moja siku mbili nzima, mwisho nikatoa ile raba ya duara ya filta ya kwanza nikaipinda kwenye mwanga, ikawa na mpasuko mwembamba kama unywele, basi, ndo ilikuwa hiyo tu.

Kesho asubuhi kabla hujagusa ufunguo, pampu kwa mkono ile pampu ndogo ya dizeli mara kadhaa (kikono kikiwa kimelegea toka mwanzo hakipampu, zungusha injini kidogo kwa mkono kisha ujaribu tena). Ikiwaka mara ya kwanza, umeupata ugonjwa wake. Baada ya hapo weka dizeli safi kwenye dumu, liinue juu kuliko injini, chomeka mpira wa pampu humo, toa hewa, uiache usiku mmoja. Ikiwaka vizuri asubuhi ubovu uko kati ya tangi na pampu, badilisha raba za filta, klipu, na mpira wowote uliokakamaa. Kutoa hewa anza na skrubu ya filta, halafu ya pampu ya nozeli (ile inayosukuma dizeli kwa nguvu kwenye nozeli), funga kila moja bado dizeli inatoka bila mapovu. Ukilegeza nati za kwenye nozeli usiweke kidole, ule mrusho unatoboa ngozi na kuingia mwilini.

SWALI: Yangu inatoa moshi mweupe mwingi toka stata ya kwanza lakini haiwaki, inazunguka kivivu. Nitumie ile dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa?

JIBU: Hapana, tafadhali, hasa kama ina hita plagi (vile vijiti vya umeme vinavyopasha joto silinda kabla ya kuwasha), ile dawa inalipuka kabla ya wakati wake na inaweza kuvunja ringi na pistoni. Wewe dizeli unayo, unakosa joto, na dizeli inapata joto kwa kubanwa kwa kasi, stata ikiwa mvivu hewa haipati joto. Pima betri wakati mwenzio anapiga stata, ikishuka chini ya volti 10 hivi betri ndo mgonjwa, ikikaa vizuri pima na kwenye stata yenyewe, tofauti ikizidi nusu volti umeme unapotelea kwenye waya. Fungua kila terminali uikwangue, na ya ule waya wa ethi unaofungwa kwenye injini pia, juu inang'aa chini imejaa ukijani wa chumvi. Hita plagi zipime moja moja na mita, nzima inasoma omu 1 hivi au chini yake, iliyokufa haisomi kitu. Hizo zote zikiwa sawa ndo umwite fundi mwenye geji ya kompresheni, apime kama silinda bado zinabana hewa vizuri.