Ukiwapeleka wanafunzi Kapenguria, anza na swali la kipuuzi

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa historia mwaka huu, muda si mrefu utaambiwa uandae safari ya makumbusho ya Kapenguria. Watoto watashuka kwenye basi na njaa na usingizi, na mmoja atakuwa ametapika tangu Kitale. Ukiwasomea hotuba ya ukombozi pale getini, umewapoteza. Waulize hivi: mawakili wa Kenyatta walikuwa wanalala wapi?

Wataona ni swali la mzaha, ila kesi nzima imo humo. Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni iliwakamata Jomo Kenyatta na wenzake, kisha ikapeleka kesi yao ya kuongoza Mau Mau huko Kapenguria, mahali pasipo reli wala hoteli, ili isisikike. Mawakili, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, wakalazimika kulala Kitale, yapata kilomita 40 kutoka mahakamani. Waandishi wa habari nao wakafuata. Waulize watoto kama kuna Mkenya angelijua jina la Kapenguria leo bila ile kesi iliyofichwa huko. Watacheka wenyewe.

Ndipo uingie nao kwenye seli walimofungiwa washtakiwa sita. Mgawie kila mwanafunzi jina moja: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko, Karumba. Atakayepewa Kung'u Karumba atanung'unika kwamba amepewa mtu asiyejulikana. Mwache anung'unike kidogo, halafu mwambie kwamba Karumba alikwenda Uganda kwa shughuli za biashara mwaka 1974 na hakuonekana tena. Huyo ndiye atakayemsumbua mwelekezi kwa maswali mpaka jioni. Na mwelekezi mwache aseme. Ukimkatiza kila dakika atafupisha, na atakuwa na haki.

Kuna hesabu moja nawapa kila mara. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Mwanawe Uhuru, aliyekuja kuwa rais wa nne, alizaliwa Oktoba 1961. Andika tarehe hizo mbili kisha unyamaze. Kidato cha tatu wanajua kuhesabu miezi. (Kidato cha kwanza usiwape, wazazi watakupigia simu.) Kelele zikipungua, eleza kwamba hukumu ya Jaji Thacker ya Aprili 1953 ilikuwa miaka saba na kazi ngumu, na kwamba kifungo chenyewe kilikwisha katika gereza la Lokitaung mwaka 1959. Serikali haikumwachia. Ilimpeleka Lodwar, ambako aliruhusiwa kukaa na familia lakini si kuondoka, na baadaye Maralal. Jambo hilo kitabuni hupita kwa sentensi moja wasiyoikumbuka. Kwa njia hii hawalisahau hata ukiwaomba.

Kama shule yako iko Migori au Kuria na hati za kuvuka mpaka wa Isebania kwenda Tanzania zikipatikana, Butiama, kwao Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, ni karibu kwenu kuliko Kapenguria. Huko anza na baba: Chifu Nyerere Burito alikuwa na wake 22. Kisha mtaje Julius, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, safari ya kilomita kama 40 kutoka nyumbani. Yataje haya wakati bado mko ndani ya basi na watoto wanalalamikia viti. Kaburi la Mwalimu liko Mwitongo, nyumbani kwao, kwa hiyo mizaha iishe kabla hamjafika. Chakula mtakula Musoma, samaki.