Usimhubirie, mfunge macho aonje

Mleta mada, umesema mtoto wako ana miaka 8 na anagoma kula chochote kisichotoka kwenye ile pakiti ya kwenye tangazo, unataka ajue kulinganisha brandi kubwa na hivi vya bei nafuu vyenye jina la duka. Mie ninao wawili, 11 na 7, na nilianza vibaya sana.

Kwanza nilihubiri. "Ni kitu kile kile, mnalipia karatasi." Wapi, hawakusikia. Basi nikajifanya mjanja, nikawa namimina biskuti za bei nafuu kwenye kopo la ile brandi wanayoipenda, wakala karibu wiki mbili wanasifia, nikasema yameisha. Mkubwa akaja kuona pakiti tupu kwenye pipa la taka. Hakuzungumzia biskuti hata kidogo, alisema "kumbe unatudanganya", na mpaka leo nikimpa kitu kipya ananusa kwanza. Usijaribu hiyo njia.

Kilichonisaidia ni vikombe vitatu. Viwili unaweka kitu kile kile, tuseme cha brandi, kimoja unaweka cha bei nafuu, mtoto kafungwa macho, anaonja vyote anasema kipi ni tofauti. Mwingine aliyebaki ndiye mpangaji, na hapo utaona watoto wanavyopenda kuwa mpangaji, wanakuwa wasiri kuliko benki. Ila rudia mara nyingi, maana anayebahatisha tu atapatia moja kwa kila tatu. Vyote viwe na ubaridi sawa na vifunguliwe siku moja, na macho yafungwe kweli, tomato sosi mbili rangi zake hazifanani utakuta anachagua kwa macho.

Sasa aibu yangu. Nilikuwa naapa tomato sosi yangu naijua hata usingizini. Raundi 9, nikapata 3, yaani sawasawa na mtu anayebahatisha. Walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu kwenye yogati yule wa miaka 7 akapata 8 kati ya 9, kwa hiyo yeye anaonja kweli na ya brandi ndiyo anayoipenda, nikanyamaza. Yogati tunanunua ya brandi. Ukishaamua kabla kwamba ya bei nafuu lazima ishinde, mtoto atagundua tu, na hayo sio mafunzo tena ni mahubiri yale yale kwa njia nyingine.

Na usimwone wa kwako ni mdekaji. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani walitoa matokeo yao, waliwapa watoto 63 wa miaka 3 mpaka 5 chakula kile kile, kimoja kwenye karatasi ya McDonald's kingine kwenye karatasi isiyo na jina. Wengi wakasema cha McDonald's ndio kitamu. Hata karoti jamani! Nilipowasimulia wangu mkubwa alicheka, halafu akauliza kama sosi yangu nayo ni karoti.

Lebo nilizileta baadaye, na kwa mkubwa tu. Viambato kwa kawaida vinaandikwa kuanzia kilicho kizito zaidi, kwa hiyo sukari ikiwa ya pili unajua unakula nini, ila nao wajanja, sukari wanaigawa majina, huku sukari, pale glukosi, mbele sharubati, kila moja inaonekana kidogo. Mwambie asome safu ya gramu 100, ile ya "kwa mlo mmoja" inadanganya kwa sababu kila kampuni inajipangia mlo wake. Bei vivyo hivyo, gawa kwa gramu zidisha mara 100, mara nyingine pakiti kubwa ndio ghali. Vya kopo kama maharage angalia uzito baada ya kumwaga maji. Hapo ndipo tulipokuta kopo moja la bei nafuu limejaa maji kuliko maharage, ukihesabu maharage yenyewe lilikuwa ghali kuliko la brandi.

Kama mtoto ana aleji basi lebo isomwe kabla ya kuonja, vitu vinaweza kufanana sura na ladha viambato vikawa tofauti kabisa.

Kwa miaka 8 mie ningeanza na vikombe peke yake, kalkuleta isubiri. Chagua kitu kimoja anachokitetea sana, muache yeye ndio akupime wewe kwanza. Matokeo ayaandike mwenyewe mbandike kwenye friji, wa kwangu kesho yake alikana kila kitu mpaka nilipomwonyesha mwandiko wake.