Jibu: Barua yenye stempu pungufu

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama barua uliyomtumia shangazi Uingereza kwa stempu pungufu itatupwa. Haitupwi. Ikigundulika hapa hapa na umeandika anwani yako nyuma, huenda ikarudishwa uongeze stempu. Ikipita, hugongwa muhuri wa herufi T wenye sehemu ya hesabu, namba juu ya namba: juu kiasi kilichopungua, chini bei ya barua nyepesi ya kwenda nje katika nchi ilikotoka. Posta ya kule huweza kuzidisha sehemu hiyo kwa bei yao ya barua kama hiyo, ikaongeza na ada ya usumbufu. Huo ni utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani. Mzigo humwangukia shangazi: atalipa ndipo apewe, na akikataa barua hurudi kwa aliyetuma.

Jambo hili ni la zamani kwetu. Mwaka 1936 Zanzibar ilikuwa na stempu zake maalumu za kudai deni kama hilo, na wakusanyaji wanazitafuta hadi leo.

Mpigie shangazi sasa hivi umweleze, asije akaikataa kwa kutojua imetoka kwako. Nyengine ipeleke dirishani ipimwe kwanza, hasa ukitia picha ndani.