Setilaiti ziko juu ya ikweta yetu: mbona Kenya haizitozi?

SWALI: Wakili, salaam aleikum. Mimi ni mvuvi wa Ngomeni, na ile mitambo ya San Marco ya kurushia roketi naipita kila nikienda baharini. Ndege za kigeni zikikatiza anga ya Kenya hulipa. Setilaiti je? Ikweta inapita kwetu, na wenzetu wanafanya biashara kubwa huko juu. Mbona hatuwatozi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Serikali ilikutangulia. Mwaka 1976 Kenya, Uganda na nchi nyingine za ikweta zilitoa Azimio la Bogotá, zikidai ile njia iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huzunguka sambamba na dunia hata ikaonekana imesimama, ni mali yao.

Dai hilo halikufua dafu. Ibara ya 2 ya Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 inakataza nchi yoyote kujimilikisha anga hizo, iwe kwa kudai mamlaka, kwa kuzitumia au kwa kuzikalia. Ndege inalipa kwa sababu inaruka katika anga ambayo sheria inaitambua kuwa ya nchi iliyo chini yake. Nafasi za setilaiti husimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU. Kwa kawaida anayewahi ndiye anayepata, ingawa kila nchi imetengewa kiasi. Hiyo ni ruhusa ya kutumia, si hati miliki.

Pesa yetu iko huku chini. Kampuni ya kigeni ikitaka kumuuzia mtu wa Malindi intaneti ya setilaiti, lazima ipate leseni ya Kenya. Na Ngomeni yenyewe ina thamani: karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huisukuma roketi inayorushwa kuelekea mashariki. Ndiyo maana Waitaliano walirusha kutoka hapo kuanzia 1967 hadi 1988, ikiwemo setilaiti ya Uhuru, siku ya Jamhuri ya 1970.

Ila kuna jambo hukuliuliza, na mimi ndilo linaloninyima usingizi. Chini ya Mkataba wa Dhima wa 1972, nchi ambayo roketi imerushwa kutoka ardhini au majini mwake nayo huhesabiwa mrushaji, hata kama roketi ni ya wageni. Ikiangukia nyumba za watu nchi nyingine, walioumia hawahitaji kuthibitisha uzembe, na serikali yao inaweza kuidai Kenya fidia yote. Sisi ndio tutabaki kuwafuata wenye roketi watulipe. Basi kurusha kukianza tena Ngomeni, kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani, ningetaka kuona kipengele cha nani atamfidia nani.