Nadharia ipi inafaa kuhakiki kinyago cha ujamaa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya umahiri, na tasnifu yangu inahusu vinyago vya Kimakonde vya mpingo vinavyoitwa ujamaa, vile vyenye watu wengi waliopandana na kushikana kuzunguka gogo moja. Msimamizi amenitaka nitaje nadharia itakayoongoza uhakiki wangu. Nimesoma kuhusu nadharia ya umbo, ikonolojia, Umaksi, ufeministi, saikolojia changanuzi na nadharia za baada ya ukoloni, na kila moja inaonekana kufaa. Ipi ni sahihi kwa kazi hizi, na je, naruhusiwa kutumia zaidi ya moja?

Jibu: Marahaba. Hakuna nadharia iliyo sahihi kwa kinyago kabla hujaamua unataka kujua nini juu ya kinyago hicho. Kila nadharia ya uhakiki, hata ikivikwa istilahi nzito namna gani, ni uamuzi kuhusu ushahidi: upi uhesabiwe na upi uwekwe kando. Anayefuata nadharia ya umbo huhesabu kile ambacho jicho linakiona na kuyaacha maisha ya msanii. Mmaksi huuliza nani alilipa, nani alifanya kazi na faida ilikwenda wapi. Mfeministi huuliza nani aliruhusiwa kushika tezo ya kuchongea na nani hakuruhusiwa. Ukishaandika swali lako la utafiti katika sentensi moja, utaona kwamba nusu ya nadharia ulizozitaja zinajiondoa zenyewe.

Kabla ya kuzipitia, tenganisha hatua za uhakiki na nadharia ya uhakiki, maana tasnifu nyingi ninazozisoma huvichanganya vitu hivi viwili. Edmund Burke Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani, alieneza utaratibu wa hatua nne: kueleza kinachoonekana, kuchanganua uhusiano wa sehemu zake, kufasiri, kisha kutathmini. Utaratibu huo si nadharia. Haukuambii kwa nini fasiri yako ni bora kuliko ya mwingine. Unakuzuia tu usitoe hukumu kabla hujatazama. Utumie, lakini usiutaje kama nadharia inayoongoza.

Tuanze na umbo, kwa sababu ndilo lililo mbele ya macho. Clive Bell, mhakiki wa sanaa wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1914, alidai kwamba kinachofanya kazi iwe sanaa ni mpangilio wa mistari, rangi na maumbo unaogusa hisia za mtazamaji, na kwamba habari za maisha hazihitajiki ili kuuthamini. Mhakiki wa Marekani Clement Greenberg aliusogeza mwelekeo huo mbele alipoandika kuhusu uchoraji wa kisasa mwaka 1960, akisisitiza kwamba kila sanaa itafute kile ambacho malighafi yake peke yake inaweza kukifanya. Kwa mpingo, hoja hii ina nguvu kubwa. Mpingo ni mti mgumu, mzito, usionenepa sana. Kiini chake ni cheusi na tabaka lake la nje lina rangi hafifu. Gogo hilo jembamba ndilo linalomlazimisha mchongaji kuwapandisha watu wake juu badala ya kuwatandaza, na ndilo linalofanya mguu wa mtu mmoja uwe bega la mwingine. Mhakiki asiyeanza hapa ataziita alama za kisiasa sifa ambazo zimetokana na unene wa mti. Ninalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tulijifunza uhakiki kupitia fasihi, kwa mizani ya fani na maudhui, tukazoea kuandika sura moja ya fani na nyingine ya maudhui. Katika uchongaji mgawanyo huo unapotosha: matundu yanayoachwa kati ya miili hadi mwanga upite ni sehemu ya kinachosemwa.

Hata hivyo nadharia ya umbo inafika mahali inanyamaza. Haiwezi kukueleza hawa watu ni akina nani na kwa nini wameshikana. Hapo ndipo ikonolojia, yaani usomaji wa maana za picha, ya mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky, aliyoifafanua mwaka 1939, inapoingia kwa ngazi zake tatu: kwanza kutambua vitu na matendo yanayoonekana, pili kutambua mada au kisa kinachojulikana katika utamaduni husika, tatu kueleza mtazamo wa maisha wa jamii na wakati uliozaa kazi hiyo. Jihadhari na ngazi ya pili. Mtindo wa ujamaa huhusishwa na mchongaji Roberto Yakobo Sangwani, na inasimuliwa kwamba mwanzoni uliitwa dimoongo, ukionyesha mshindi wa mieleka aliyebebwa na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja baadaye, wakati siasa za Mwalimu Nyerere zilipokuwa zimeenea, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likalipa uzito. Madukani utakuta vinyago hivyohivyo vikiuzwa kwa jina la mti wa uhai. Kwa hiyo kuna mada tatu juu ya umbo moja, na kila moja ina watu walioihitaji. Ukiandika kwamba kinyago "kinaonyesha falsafa ya ujamaa" bila kusema ni kipi, cha mwaka gani, na nani alikiita hivyo, utakuwa umeruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu.

Swali la nani aliyehitaji mada fulani ndilo linaloifungua historia ya kijamii ya sanaa, yaani kuisoma kazi kupitia watu walioitengeneza, kuiagiza na kuinunua, na kwa maoni yangu ndiko kazi yako iliko. Mwanahistoria wa sanaa Michael Baxandall, mwaka 1972, alionyesha jinsi mikataba ya wachoraji wa Italia wa karne ya 15 na mazoea ya macho ya wateja wao yalivyoingia ndani ya picha zenyewe. Njia hiyo inawafaa Wamakonde barabara. Wachongaji wengi walivuka kutoka Msumbiji kuja Tanganyika kutafuta kazi, wengine katika mashamba ya mkonge. Vinyago vya mapiko vya kuvaliwa katika ngoma za jando na unyago vilichongwa kwa mti mwepesi. Mpingo ulishamiri kwa ajili ya wanunuzi wa nje. Mjini Dar es Salaam mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua na kuwahimiza wachongaji, akiwemo Samaki Likankoa anayehusishwa na mwanzo wa mtindo wa shetani, ule wa kuchonga mapepo yenye maumbo ya ajabu. Je, soko liliharibu sanaa au liliizaa? Mwanahistoria wa sanaa Sidney Kasfir, katika makala yake ya mwaka 1992 kuhusu uhalisi wa sanaa ya Afrika, alipinga dhana kwamba kazi ya Kiafrika ni halisi pale tu inapokuwa haijaguswa na fedha wala na mgeni. Ninakubaliana naye kwa moyo wote, na ninasikitika kuona wanafunzi wetu bado wanakiita kinyago cha mpingo "cha watalii" kana kwamba neno hilo limemaliza uchambuzi.

Ufeministi nao una swali la kweli hapa. Mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin, mwaka 1971, aliuliza kwa nini hakujawahi kuwa na wanawake wasanii wakubwa, na jibu lake lilielekea kwenye taasisi na mafunzo, si kwenye vipaji. Katika jadi ya Kimakonde wanaume ndio waliochonga, ilhali ufinyanzi ulikuwa wa wanawake. Lakini mwanamke, hasa mama, ndiye anayechongwa mara nyingi. Hiyo inaweza kuwa tasnifu nzima. Saikolojia changanuzi ningeiacha, kwa kuwa huna kumbukumbu za maisha ya ndani za wachongaji hao.

Kuhusu kuchanganya: unaruhusiwa, kwa sharti kwamba moja iongoze na nyingine zitumike kama vyombo, na kwamba zisipingane kuhusu ushahidi. Huwezi kumfuata Bell anayesema habari za maisha hazihitajiki, kisha sura inayofuata ukahesabu bei za vinyago kana kwamba hakuna mgongano. Unaweza, lakini, kuchukua mbinu ya kuchanganua umbo bila kuchukua madai ya Bell.

Iweke akilini pia kesi ya viatu vilivyochorwa na Vincent van Gogh mjini Paris mwaka 1886. Mwanafalsafa wa Ujerumani Martin Heidegger, katika mhadhara aliouandika mwaka 1935 na kuuchapisha mwaka 1950, alivieleza kama viatu vya mwanamke mkulima, akaona ndani yake udongo wa shamba na taabu ya mkate. Mwaka 1968 mwanahistoria wa sanaa Meyer Schapiro akajibu kwamba viatu hivyo ni vya mchoraji mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa mtu wa mjini. Miaka kumi baadaye mwanafalsafa wa Ufaransa Jacques Derrida akawauliza wote wawili walijuaje ni vya nani, na hata kama kweli ni jozi moja. Heidegger alikuwa na nadharia nzito kuliko wenzake, na bado picha haina shamba lolote ndani yake.

Pendekezo langu, basi, ni historia ya kijamii ya sanaa kama nadharia inayoongoza, uchanganuzi wa umbo na ngazi za Panofsky kama vyombo, na hoja ya Kasfir kuhusu uhalisi kama mjadala unaoingia ndani yake. Chagua vinyago vichache ambavyo unaweza kuvizunguka na kuvipima, si picha za mtandaoni. Kwa kila kimoja andika urefu na unene wa gogo, sehemu ambazo tabaka la nje limeachwa, jina la kazi na aliyelitoa jina hilo, na kama mchongaji yu hai, muulize aliyeagiza alikuwa nani na aliagiza nini hasa. Majibu hayo ndiyo umpelekee msimamizi wako pamoja na jina la nadharia.