Re: Tyubu ya inchi 29 kwenye gurudumu la inchi 36 inachanika kwenye valvu

Salaam mkuu. Umesema tyubu ya inchi 29 uliyoweka kwenye baiskeli yako ya gurudumu moja, tairi la inchi 36, imechanika mara mbili palepale kwenye shina la valvu. Kabla ya kununua nyingine, angalia tundu la rimu. Kama ni pana, la valvu aina ya gari, na tyubu yako ina valvu nyembamba, shina linacheza na ukingo wa tundu unakata mpira. Weka bushi (kipete kidogo kinachoziba nafasi kati ya shina na tundu), au tafuta tyubu yenye valvu nene.

Ukubwa wenyewe si tatizo. Rimu ya inchi 29 ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa, ya 36 ni 787, kwa hiyo tyubu inavutika kama robo tu. Chukua ya upana wa inchi 2.1 hadi 2.4.

Kazi iko kwenye kufunga. Jaza upepo kidogo, tyubu ipate umbo, paka poda. Valvu itangulie, kisha vuta pande zote mbili kwa pamoja mpaka ufike upande wa pili. Ukivuta upande mmoja valvu inalala, na ikilala huchanika kwa urahisi. Ukingo wa tairi uanze kuingia mkabala na valvu, umalizie kwenye valvu, kwa mikono. Sukuma valvu ndani kidogo ndipo ujaze, na nati yake usiikaze.

Ukipata pancha, kiraka kwenye tyubu inayovutika hivi huachia kingo upesi. Safari ndefu beba tyubu ya akiba.